Herpesi haifi, inanyamazishwa: seli ya neva inafanya nini na kirusi hiki?

BintiMaabara (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alinitumia picha ya karatasi ya majibu. Amepima kingamwili za herpesi aina ya 2, zimeonekana. Kabla hajanipigia simu alikuwa ameshatoa laki nne na nusu kwa mtu anayeuza chupa tatu za dawa ya "kufagia virusi vyote ndani ya siku 21". Hela inauma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kirusi hiki kinakaa wapi na kinakaaje. Angeelezwa, hela yake angekuwa nayo. Kazi yangu ni maabara, na shahada ya pili niliisomea mambo ya jeni, kwa hiyo naomba nishushe uzi huu kwa kirefu.

Malengelenge ya mdomoni mara nyingi ni aina ya 1, ya sehemu za siri mara nyingi ni aina ya 2, ingawa yanaingiliana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na aina ya 1, yaani asilimia 64, na watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina ya 2. Wengi wao hawajijui, maana hawajawahi kuona hata lengelenge moja.

Kirusi kinaingia kwenye ngozi laini, kinazaliana ndani ya seli zake na kuzipasua. Mwili unapambana, kidonda kinakauka. Mafua nayo yangeishia hapo. Lakini ngozini humo kuna ncha za neva za hisia. Virusi kadhaa vinapenya kwenye ncha hizo na kubebwa ndani ya uzi mrefu wa neva, kutoka ngozini kwenda ndani, mpaka kwenye kiini cha seli yenyewe. Kwa uso, seli hizo zimejikusanya kwenye fundo la neva ya tano ya kichwa, ndani ya fuvu. Kwa sehemu za siri, ni mafundo ya pembeni ya uti wa mgongo, chini kiunoni.

Watu walianza kulihisi jambo hili zamani. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, aliona kwamba wagonjwa aliowafanyia upasuaji wa neva ya uso walitokwa na malengelenge mdomoni. Mwaka 1929 Ernest Goodpasture akasema kirusi lazima kinajificha kwenye mafundo ya neva. Ushahidi ukaja 1971, California, kwa Jack Stevens na Margery Cook. Waliambukiza panya kwenye nyayo, wakasubiri wapone. Walipoyasaga mafundo ya neva papo hapo hawakupata kirusi. Walipoyachukua mazima na kuyalea maabara kwa siku kadhaa, kirusi kikatokea.

Hebu lifikirieni jaribio hilo. Kirusi chenyewe hakikuwepo, ila maelekezo ya kukitengeneza yalikuwepo. Hayo ndiyo nataka tuyajadili.

Kijana wa Buguruni

Mtoa mada ahsante, nimesoma yote. Swali: kama mwili unajua kimejificha kwenye neva, kwa nini hauendi kukimaliza humo? Askari wa mwili wanaua seli zenye virusi kila siku.

BintiMaabara

Mkuu, swali lako ndilo mlango wenyewe.

Seli ya ngozi ikifa, wiki ijayo ipo nyingine. Seli ya neva ukizaliwa nayo unazeeka nayo. Mwili ukiziua zote zenye herpesi, sehemu za uso zinaweza kufa ganzi. Kwa hiyo seli ya neva inachagua njia nyingine: inaacha DNA ya kirusi humo ndani, ila inahakikisha haisomeki.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita mbili, na yote imo kwenye kiini usichoweza kukiona kwa macho. Inaenea kwa sababu imevingirishwa. Kuna protini zinaitwa histoni. Nane zinaungana zinakuwa kitu kama bobini ya cherehani, DNA inaizunguka mzunguko mmoja na nusu na ushei, herufi 147 hivi, halafu inahamia bobini inayofuata. Histoni zina mikia inayochomoza nje, na seli inabandika alama za kikemikali kwenye mikia hiyo. Alama za asetili zinasema "hapa pafunguliwe, pasomwe". Alama za methili, zikikaa kwenye nafasi ya 9 au ya 27 ya mkia wa histoni iitwayo H3, zinasema "hapa pafungwe". Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho lako zina DNA ileile lakini hazifanani: kila moja imefunga kurasa ambazo haizihitaji.

Sasa angalia kirusi. Ndani ya ganda lake DNA yake haina histoni hata moja. Ina herufi kama 152,000 zilizoshindiliwa kwa nguvu, shinikizo la angahewa karibu 20, wakati tairi la gari lina kama 2. Ganda likifika kwenye tundu la kiini, DNA inafyatuka kuingia ndani. Inaingia uchi. Ndani ya saa chache seli inaanza kuivalisha bobini zake, na mwaka 1989 Deshmane na Fraser walionyesha kwamba DNA ya kirusi kilicholala imekaa kwenye bobini kama DNA yetu. Miaka iliyofuata maabara nyingine, ikiwemo ya David Knipe pale Harvard, zikakuta kwamba bobini hizo zina alama za kufunga, za nafasi ya 9 na ya 27, juu ya jeni zote za kuzaliana.

Silaha inayotumika hapo ni ya seli yenyewe, ile inayotumia kupanga jeni zake za kila siku. Mimi nilipolielewa hili mara ya kwanza nilikaa kimya kama nusu saa.

Dr wa Mtaa

Dada, umeeleza vizuri, ila kuna kitu kinanitatiza. Seli za ngozi nazo zina histoni. Kwa nini ngozini kirusi kinashinda, kwenye neva kinashindwa?

BintiMaabara

Mkuu, seli ya ngozi nayo inajaribu kufunga. Lakini kirusi kinasafiri na mzigo wake. Kati ya ganda na ngozi yake ya nje kuna protini kadhaa, mojawapo inaitwa VP16. Ikifika kwenye kiini inaungana na protini mbili za seli, HCF-1 na Oct-1, zote tatu zinakaa mwanzoni mwa jeni tano za kwanza na kuita mashine za kufungua. Jeni hizo zikishawaka, mojawapo inatoa protini iitwayo ICP0. Hiyo ni bomoabomoa kweli kweli: inabandika alama ya kifo kwenye protini za ulinzi za kiini, zikiwemo za vituo vidogo vinavyoitwa PML, zinasagwa. Baada ya hapo bobini zinalegea na kirusi kinazaliana.

Kwenye neva mambo ni tofauti kwa sababu zaidi ya moja.

Kwanza, safari. Kutoka mdomoni hadi kwenye fundo ni sentimita kadhaa, na kwa seli huo ni mwendo wa mbali sana. Ganda linafika, lakini VP16 nyingi inaachana nalo njiani. Kirusi kinaingia nyumbani bila ufunguo.

Pili, huyo mshirika HCF-1. Mwaka 1999 Thomas Kristie na wenzake walionyesha kwenye panya kwamba katika neva za hisia protini hiyo haikai kwenye kiini, inakaa nje yake. Fundo likikatwa na kutolewa, yaani neva zikipata mshtuko, inahamia ndani. Kumbukeni lile jaribio la 1971.

Tatu, neva zina RNA fupi fupi, yaani vinakala vinavyotolewa kwenye DNA, zinazozima ujumbe wa jeni kabla haujawa protini. Moja ya kwetu wenyewe, inayoitwa miR-138, imejaa sana kwenye neva, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba inazima ICP0.

Bila VP16 na bila ICP0, bobini zinabaki. Alama za kufunga zinaongezeka siku hadi siku. Vile vituo vya PML ambavyo ngozini vilibomolewa, kwenye neva vinaizingira DNA ya kirusi na kuifungia humo. Timu ya Patrick Lomonte kule Lyon, Ufaransa, imeyapiga picha mazingira hayo: nukta ya DNA ya kirusi katikati, PML imeizunguka kama ua wa makuti.

Kuna jambo moja la ajabu. Sehemu moja ya DNA hiyo haifungwi. Jeni iitwayo LAT inaendelea kusomwa miaka yote, na ndiyo iliyogunduliwa na kundi la Stevens mwaka 1987. Haitoi protini inayojulikana. Inatoa RNA ndefu, na kutoka kwake zinakatwa RNA fupi, na mwaka 2008 moja yao ilionekana kuzima ICP0, jeni ya kirusi chenyewe. Kwa maneno mengine, kirusi kinashirikiana na seli kujinyamazisha. Ukifikiri utaona kinafaidika: kikiamka ovyo kinamuua mwenyeji wake na kujimaliza. Kama LAT pia inasaidia kuweka zile alama za kufunga, hapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2009 maabara ya Harvard ilikuta kwamba ikikosekana LAT alama za nafasi ya 27 zinapungua, na mwaka huohuo maabara ya David Bloom kule Florida ikakuta zinaongezeka. Ubishi huo umefundisha mengi.

Mti Dawa

Naheshimu elimu yako dada lakini naona unawavunja watu moyo. Mimi nilikuwa natokwa na malengelenge kila baada ya miezi miwili. Nimekunywa mwarobaini na mlonge, huu mwaka wa sita sijaona kitu. Utasemaje hapo?

BintiMaabara

Kaka, nafurahi sana kwamba umepata nafuu miaka sita, na siwezi kukubishia ulichokiona mwilini mwako.

Naomba tu uliangalie kwa upande huu. Herpesi kwa watu wengi inapunguza kasi yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye mafundo ya neva kuna askari wa mwili, seli za CD8, wanaokaa humo muda wote. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwa panya kwamba askari hao wanaweza kumega ICP4, protini ya mojawapo ya zile jeni tano za kwanza za kirusi, ndani ya neva ambamo kirusi kinataka kuamka, na neva yenyewe isife. Kinga yako ikishazoea, kirusi kinaamka mara chache, na kikiamka kinazimwa kabla hujaona lengelenge. Kwa hiyo ukimya wa miaka sita hauonyeshi kwamba DNA imeondoka. Ukimya ndiyo hali yake ya kawaida.

Na hata dawa ya hospitali, asikloviri, ambayo Gertrude Elion na wenzake waliitengeneza na yeye akapata Nobeli mwaka 1988 kwa kazi ya namna hiyo, haigusi kirusi kilicholala. Dawa hiyo inaingia mwilini ikiwa imelala pia. Kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoiamsha, halafu inakwama kwenye DNA mpya inayojengwa. Jeni ya kimeng'enya hicho kwenye neva iliyotulia imefungwa, na hakuna DNA mpya inayojengwa. Dawa haina pa kushika. Ndiyo maana nasema mtu anayekuuzia chupa za siku 21 hakuambii anafunguaje bobini kwenye fundo lililo ndani ya fuvu lako.

Nesi wa Tanga

Dada yangu, hongera. Mimi ni muuguzi, naona wagonjwa wa mkanda wa jeshi kila mwezi. Hiyo nayo si jamaa wa hiki kirusi? Huku wanaamini mkanda ukizunguka ncha zikakutana mtu anakufa, na wengine wanaficha kwa aibu kwamba ni ukimwi, wanakuja neva zimeshaumia.

BintiMaabara

Shikamoo dada, ni jamaa wa karibu kabisa. Ni kirusi cha tetekuwanga. Mtoto anapona tetekuwanga, kirusi kinabaki kwenye mafundo ya neva, kinaweza kukaa miaka hamsini. Aliyeliweka wazi ni daktari wa kawaida wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, mwaka 1965, baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia wagonjwa wa eneo lake.

Mkanda una umbo lile kwa sababu fundo moja la uti wa mgongo linahudumia ukanda mmoja wa ngozi, upande mmoja. Kirusi kikiamka kwenye fundo hilo kinashuka kwa neva zake tu. Kwa hiyo kwa kawaida unaishia katikati ya mwili, na hakuna kifo kinachosubiri ncha zikutane. Uzee unatosha kuuleta, VVU inaongeza uwezekano, ndiyo maana kushauri kupima ni sawa, ila kumhukumu mtu kwa kumtazama si sawa. Waambie wawahi, kwa kawaida ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke, dawa inasaidia zaidi.

Kirusi hiki nacho kina ujumbe wake wa usingizini, uligunduliwa mwaka 2018, umelala mkabala na jeni inayofanana na ICP0. Ni kirusi kingine lakini mbinu inakaribiana.

Baba Nasra

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu. Mke wangu tuna miaka tisa ya ndoa. Mwezi uliopita ametokwa na malengelenge sehemu za siri, mara ya kwanza. Hospitali wamesema herpesi. Mimi sina kitu. Nimemrudisha kwao. Nilikosea?

BintiMaabara

Baba Nasra, pole sana. Mimi si mshauri wa ndoa, nitakujibu la maabara tu.

Lengelenge la kwanza kuonekana linaweza kuwa la kirusi kilichoingia miaka kumi nyuma, kabla hamjajuana. Linaweza kuwa aina ya 1, ambayo watu wengi wanaipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi, na ambayo inaweza kuhamia huko chini kwa mdomo. Linaweza kuwa limetoka kwako: mtu asiye na dalili yoyote anatoa virusi siku fulani fulani bila kujua. Hakuna kipimo kinachosoma tarehe ya kuambukizwa kwa kutazama kidonda. Nenda nawe ukapime kingamwili, halafu mrudi kwa daktari mkiwa wawili.

Baba Nasra

Nimeelewa. Nilipokuwa sekondari nilikuwa natokwa na malengelenge mdomoni kila mtihani. Sikuwahi kuunganisha.

Kijana wa Buguruni

Mtihani! Hapo hapo mtoa mada. Kama neva imefunga vizuri hivyo, nani anafungua? Mtihani unahusikaje na bobini?

BintiMaabara

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Neva ya hisia inaishi kwa kupata ishara za kuitunza muda wote, mojawapo ni protini iitwayo kichocheo cha ukuaji wa neva. Ishara ikikatika, au msongo ukizidi, ndani ya neva unawaka mnyororo wa dharura wenye protini inayoitwa JNK. Mwaka 2015 Anna Cliffe na wenzake huko North Carolina walionyesha JNK inafanya nini kwenye bobini za kirusi. Ile alama ya methili ya nafasi ya 9 haiondolewi. Kwenye nafasi ya 10, jirani yake kabisa, inabandikwa fosfeti. Protini iliyokuwa imeikalia alama ya 9 na kufunga mlango haiwezi tena kukaa. Alama ipo palepale, ila imezibwa isisomeke. Jeni za kirusi zinawaka zote kwa pamoja, bila mpangilio, kwa muda mfupi. Baadaye, VP16 mpya ikipatikana, ndipo alama zinaanza kuondolewa kweli na kirusi kinakuja mzima. Mara nyingi wimbi la kwanza linazimika lenyewe, mtu hajui kitu.

Mnyororo huo wa JNK neva inautumia kujinusuru inapoumia. Kirusi kimejifunza kusikiliza kengele ya hatari ya mwenyeji wake.

Na kuhusu homa: mwaka 2020 timu hiyohiyo ya Cliffe, wakiwa Virginia sasa, walionyesha kwenye neva za panya zilizolelewa maabara kwamba interlukini-1, ambayo mwili unaitoa wakati wa homa, inazifanya neva zifyatuke kupita kiasi na kumwamsha kirusi kwa njia ileile. Bibi yangu akituona tumepona malaria na midomo imechubuka alikuwa anasema "homa inatokea mdomoni". Alichokiona ni kweli.

Msukuma Halisi

Nilisikia Mwanza walijaribu kuwapa akina mama dawa hizi ili wasipate VVU. Ilifika wapi?

BintiMaabara

Kweli kabisa. Herpesi aina ya 2 inaongeza hatari ya kupata VVU karibu mara tatu, kwa hiyo kaskazini magharibi mwa Tanzania wanawake 821 wenye aina ya 2 walipewa asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa. Majibu yalichapishwa 2008: VVU haikupungua. Mwaka uliofuata watafiti wa Seattle wakakuta kwamba pale lengelenge lilipopona, seli ambazo VVU inazipenda zinabaki zimejaa ngozini kwa wiki nyingi, hata kwa anayemeza dawa. Wanawake wale wametufundisha kwamba kuzima kuzaliana hakutoshi, inabidi neva isifungue kabisa.

Huko ndiko utafiti unakoelekea. Kundi la Keith Jerome na Martine Aubert, Seattle hukohuko, mwaka 2020 waliingiza kwenye panya mikasi ya kijeni inayokata DNA ya kirusi ndani ya neva, wakaondoa zaidi ya asilimia 90 kwenye mafundo ya shingoni. Wengine wanatafuta njia ya kuongeza kufuli kwa kuzuia vimeng'enya vinavyoondoa alama za methili. Kwa binadamu bado.

Mpagazi wa Marangu

Mimi nabeba mizigo Kilimanjaro mwaka wa kumi na moja. Kila nikifika Kibo na kushuka, siku ya pili au ya tatu mdomo unaniwasha upande wa kushoto, palepale, halafu malengelenge. Wenzangu wanasema ni baridi. Ni baridi kweli?

BintiMaabara

Kaka, mshukiwa wa kwanza ni jua. Kule juu hewa ni nyepesi, miale mikali inashuka na theluji inairudisha usoni. Miale hiyo ni kiamshaji kinachojulikana sana. Na ni palepale kushoto kwa sababu DNA imelala kwenye neva zilezile, zinazoleta hisia za sehemu ileile ya mdomo. Ule mwasho ni kirusi kinashuka. Dawa ikianzwa saa hizo inafanya kazi, ukisubiri maji yajae umechelewa. Ongea na daktari akuandikie uwe nayo mkobani, na midomo ipake mafuta yenye kinga ya jua kuanzia alfajiri, si mchana.

Mpagazi wa Marangu

Jumatatu napanda na wageni sita, njia ya Machame. Mafuta nimeshayapata Moshi mjini. Nikishuka nitarudi kuandika hapa kama kushoto kumewasha.

Kijana wa Buguruni

Tunakusubiri mkuu. Mtoa mada, binamu yako anaendeleaje?

BintiMaabara

Jana ameisoma hii yote mara mbili. Chupa ya tatu hajaifungua.